Kuongeza vyumba vya kisasa kwenye nyumba ya udongo ya pwani: mwongozo kamili, kuanzia ukaguzi hadi masika ya kwanza

Nyumba ya udongo ya wazee kule Pangani, Mkinga au Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, haihitaji kubomolewa ili familia ipate bafu, jiko la gesi na chumba ambacho mgeni kutoka mjini atalala bila kununa. Inahitaji jirani mwema: jengo jipya litakalobeba maji, moshi na uzito, likasimama kwa miguu yake lenyewe, na kuiacha nyumba ya zamani ikae kavu kama ilivyozoea. Nyufa nyingi, kuta zilizovimba na mapaa yanayovuja ninayoyaona vijijini yana chanzo kimoja, nacho ni jengo jipya kuegemezwa kwenye la zamani. Mwongozo huu umejengwa juu ya kinyume chake.

Tuelewane kwanza nyumba yenyewe ni ipi. Nguzo za miti zimechimbiwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba kulia na kushoto kwa nguzo, katikati pamejazwa mawe madogo na udongo, kisha pande zote zikakandikwa. Paa ni la makuti au limeshabadilishwa kuwa bati. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi unaokata nyumba kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, vyumba viko huku na huku, na nyuma kuna uani penye jiko la kuni na choo cha shimo. Kwa hesabu zitakazofuata nachukua nyumba yenye upana wa mita 9 na kina cha mita 7, uso wake ukiangalia barabara upande wa magharibi, uani ukiwa mashariki. Kama yako imegeukia kwingine, geuza na hesabu.

Hatua ya kwanza: ardhi na wenye ardhi

Kabla ya ramani, kaeni kikao. Nyumba ya bibi mara nyingi ni ya warithi wengi, na anayepeleka fedha ya saruji si lazima awe ndiye mwenye sauti. Andikeni makubaliano: banda jipya, yaani jengo la vyumba vipya, ni la nani, nani atakaa humo, na mlango wa nyumba kubwa, ile ya zamani, utabaki wazi kwa nani. Karatasi hiyo ipite kwa uongozi wa kijiji, na kama eneo bado halina hati ya haki miliki ya kimila, anza kuifuatilia chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Ulizia pia halmashauri kama eneo lenu limeshaingizwa kwenye mipango miji, kwa sababu hapo kibali cha ujenzi ni lazima hata kwa vyumba vitatu vya uani.

Kisha chukua futi kamba. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba ya zamani inaweza kuwa imejengwa kabla ya hapo, lakini ukuta mpya ndani ya mita hizo unaalika alama ya X ya kubomolewa. Upande wa bahari na mito, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Vijiji vya pwani ya Tanga vina nyumba nyingi zilizobanwa katikati ya barabara na maji, kwa hiyo pima pande zote mbili.

Hatua ya pili: ukague wakati wa mvua

Ukaguzi wa maana hufanywa masika, Machi hadi Mei, maana nyumba ya udongo haifichi kitu mvua ikinyesha. Zunguka nje na uangalie maji ya paa yanaangukia wapi, yanaelekea wapi, na yanasimama wapi. Ukutani, tazama sentimita 30 za chini kabisa: ndiko matone yanakoruka na kulamba udongo hadi fito zinaonekana.

Nguzo huoza pale zinapoingia ardhini, hewa na unyevu vinapokutana. Kwangua udongo kidogo kwenye usawa huo, kisha sukuma ncha ya bisibisi ndani ya mti. Mti mzima unagoma. Ulioliwa unameza bisibisi bila ubishi. Kama nguzo ni za mkoko zina matumaini zaidi kuliko za mti laini wa shambani, lakini usiamini jina, amini bisibisi. Fuatilia pia vichuguu vyembamba vya mchwa vinavyopanda ukutani kuelekea kombamoyo, miti ya paa. Nguzo moja au mbili zilizooza hubadilishwa. Zikiwa nusu ya nyumba, basi kazi ya kwanza ni kuiokoa nyumba kubwa, na fedha ya banda isubiri.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa wa nywele kwenye chokaa ni wa kawaida. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini unasema kona inazama au inaegama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, na urudi baada ya mvua. Ukirefuka, tafuta maji yanayolainisha ardhi chini yake kabla hujachimba chochote karibu.

Hatua ya tatu: usiuzibe ukumbi

Hapa ndipo kazi inapoharibika kwenye karatasi, kabla hata tofali la kwanza halijafyatuliwa. Desturi ya siku hizi ni kujenga vyumba vipya mstari mmoja nyuma ya nyumba, kukata uani wote kutoka ukuta hadi ukuta. Inaonekana nadhifu. Lakini ukumbi ule wa katikati si njia ya watu peke yake, ni njia ya upepo. Kusi, ambao huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba ukitokea kusini-mashariki, unaingia uani, unapita mlango wa nyuma, unavuta joto la vyumba na kutokea barazani. Ziba uani na umezima feni iliyofanya kazi bure miaka yote, halafu mtalalamika kwamba nyumba ya bibi "siku hizi ina joto".

Kwa hiyo banda likae pembeni ya uani, si mkabala na mlango. Kwa nyumba ya mfano wetu, liweke upande wa kaskazini wa uani, likienda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Kuta ndefu zitaangalia kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zitakazopokea jua kali la asubuhi na la jioni, ambalo huja chini na halizuiliwi na paa lolote. Kusi utapita huru kwenye uani, utaingia nyumba kubwa, utaingia na banda lenyewe. Moshi na harufu vitasukumwa kaskazini, mbali na vyumba vya wazee. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, utavirudisha kidogo; hilo tutalishughulikia kwa mpangilio wa vyumba.

Vipimo vya nje: mita 4 kwa mita 7.5. Lisogeze banda kaskazini litokeze mita moja nje ya mstari wa ubavu wa nyumba kubwa. Hivyo litakaa nyuma ya mita 3 tu za nyumba, na mlango wa ukumbi, ulio katikati ya mita 9, utabaki na nafasi ya kutosha mbele yake. Hakikisha mita hiyo moja haimwingilii jirani. Mwite, mkubaliane mbele ya mjumbe.

Kati ya ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa na ukuta wa kwanza wa banda acha mita 1.5, wazi. Ukitaka kuufupisha mwongozo huu wote, mita hiyo moja na nusu ndiyo yenyewe. Inazuia mitaro ya msingi mpya isichokonoe nguzo za zamani, inaruhusu kila jengo litulie kwa kasi yake bila kupasuana, inaacha dirisha la chumba cha nyuma lipate hewa, na fundi wa kukandika anapata mahali pa kusimama kila mwaka. Wapo watakaosema ni eneo linalopotea. Ndilo ambalo watoto watacheza bao kwenye kivuli.

Hatua ya nne: panga vyumba kwa kufuata maji na moto

Kutoka nyumba kubwa kwenda mashariki: kwanza chumba cha kulala cha mita 3.2, kisha jiko la mita 2.2, mwisho bafu na choo, mita 1.5. Ukijumlisha kuta nne za sentimita 15 unapata zile mita 7.5. Upana wa ndani ni mita 3.7 kote.

Mpangilio huu una sababu. Moto unakaa karibu mita 5 kutoka kwenye paa la makuti. Choo kiko mbali kabisa na dirisha la nyumba kubwa, na bomba lake la hewa linapanda juu ya paa ili hata kaskazi ukivuma harufu ipite juu. Jiko na bafu vinachangia ukuta mmoja, kwa hiyo mabomba yote yanakaa sehemu moja na siku yakivuja hutabomoa nyumba nzima kuyatafuta. Chumba cha kulala kiko jirani na wazee, jambo ambalo aliyeuguza mzazi usiku wa manane hahitaji kuelezwa.

Milango yote ifungukie uani. Usiweke mlango wa jiko upande wa nje, hata kama fundi anasema ni rahisi kupitisha kuni. Uani ni faragha ya kina mama, na mgeni wa barazani asione sufuria wala nguo zilizoanikwa. Huu ndio utaratibu wa nyumba ya Kiswahili, na banda la kisasa linaloufuata litatumika; lisiloufuata litageuka stoo.

Mtungi wa gesi uweke nje, kwenye kijisanduku chenye matundu chini, bomba lipite ukutani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, na dirisha la juu halitakusaidia. Na jiko la kuni lisibomolewe. Siku ya shughuli, sufuria za pilau hazitaingia kwenye mita 2.2.

Hatua ya tano: msingi

Weka kamba na uhakikishe pembe kwa kanuni ya 3, 4, 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari lazima isome mita 5 kamili. Mafundi wa kijijini wanaijua, lakini simama uone ikifanywa kwenye kona zote nne.

Chimba hadi ardhi ngumu, kwa kawaida sentimita 60 hadi 80. Kanuni ya kushika: mtaro usikaribie ukuta wa zamani kwa umbali ulio mdogo kuliko kina chake. Kwa kuwa umeacha mita 1.5, uko salama. Aliyelazimika kusogea karibu zaidi achimbe vipande vya mita moja, ajaze zege, ndipo afungue kipande kingine. Asifungue mtaro wote ukapigwa na mvua.

Zege la chini ya msingi linatosha kwa 1:3:6, yaani ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga na sita za kokoto. La jamvi, yaani zege la sakafu, na la lenta, mkanda wa zege juu ya madirisha, liwe 1:2:4. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Ule wa ufukweni, hata kama uko hatua kumi na ni wa bure, una chumvi, na chumvi hula nondo kutoka ndani mpaka zege linabanduka vipande. Ukiwa pwani utaletewa tu, kwa hiyo uonje kwa ulimi kabla lori halijamwaga.

Inua sakafu angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Shindilia kifusi kwa tabaka, tandaza nailoni nzito isiyotoboka, ndipo umwage jamvi la sentimita 10. Dawa ya mchwa ipigwe kwenye udongo kabla ya nailoni. Bafu liwe chini ya vyumba vingine kwa sentimita 3 hivi, sakafu ikiteremkia kwenye tundu la maji. Wengi huacha kazi hii kwa fundi wa vigae, na baada ya hapo maji yanatembea hadi jikoni.

Hatua ya sita: kuta

Bloku za inchi 6 ndizo rahisi kupata, na kwa ghorofa moja zinatosha. Mita moja ya mraba inakula karibu bloku 10. Kuta za banda hili, ukitoa milango na madirisha na kuhesabu zile za kugawa vyumba, ni kama mita za mraba 82. Kata shauri la bloku 900 pamoja na akiba ya zitakazovunjika, na za msingi zihesabiwe kando. Ukinunua kutoka kwa mfyatuaji wa njiani, dondosha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo. Ikisambaratika kuwa mchanga, endelea na safari.

Mimi napendelea tofali za udongo na saruji za kufungamana, zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono pale pale kwenye kiwanja. Zinakula saruji kidogo, hazihitaji kuni kama tofali za kuchoma, na rangi yake inakaa vizuri kando ya ukuta wa udongo bila kupakwa chochote. Ila si kila udongo unafaa. Jaza robo tatu ya chupa angavu kwa maji na udongo, tikisa, uiache. Mchanga unatua mara moja, tope laini linafuata, na mfinyanzi unachukua hadi siku nzima. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene kuliko la mchanga, tofali zitapasuka zikikauka. Ongeza mchanga au rudi kwenye bloku. Zikishafyatuliwa, zifunikwe na kumwagiliwa maji wiki nzima angalau. Haraka ya hapa hulipwa baadaye.

Juu ya madirisha pitisha lenta kuzunguka jengo lote bila kukata: nondo 4 za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Kabla zege halijamwagwa, chomeka vipande vya nondo nyembamba au mikanda ya chuma vinavyotokeza juu, kila pale boriti ya paa itakapokaa. Kusi wa Julai hauchezi na paa la bati, na msumari peke yake si kitu mbele yake.

Upande wa uani toboa nafasi pana: mlango wa chumba cha kulala na dirisha lake viwe kitu kimoja chenye upana wa mita 2, wavu wa mbu ukiwa kwenye fremu inayofunguka. Upande wa kaskazini weka matundu marefu yenye kimo kifupi, juu kabisa chini ya paa. Upepo unaingia chini kusini, unapata joto, unapanda na kutokea juu kaskazini. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha hata moja. Wa mashariki uwe na kijidirisha cha bafuni tu.

Hatua ya saba: paa

Paa la banda liwe la mteremko mmoja. Ni rahisi, linakula mbao chache, na halijifanyi mtoto wa paa la makuti. Ukuta wa kusini, upande wa uani, uwe na kimo cha mita 2.7, wa kaskazini mita 3.55. Kwa upana wa mita 4, hiyo ni nyuzi 12, mteremko unaotosha kabisa kwa bati. Makuti hayawezi: chini ya nyuzi 40 hivi maji hayakimbii, yanazama. Ndiyo maana nawakataza watu kuweka vijikuti vya urembo juu ya mteremko mdogo. Vinaoza vikionekana vizuri.

Paa litokeze sentimita 90 kila upande. Namba hiyo haikuokotwa. Karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ilipo Tanga, jua la adhuhuri mwezi Juni liko upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 61 hivi. Sentimita 90 za paa hapo zinatia kivuli karibu mita 1.5 za ukuta, kwa hiyo yale matundu ya juu yanabaki kivulini. Desemba jua linahamia kusini likiwa juu zaidi, na kivuli kinarefuka.

Upande wa nyumba kubwa, sentimita hizo 90 zitapita juu ya ukingo wa paa la zamani bila kuligusa. Chukulia ukingo wa zamani umetokeza sentimita 75: mapaa mawili yanapishana kwa sentimita 15. Hakikisha kuna nafasi wazi ya sentimita 25 kati yao pale yanapokaribiana, maana makuti mapya yakiongezwa juu ya ya zamani paa linanenepa. Kama ukingo wa nyumba yako uko juu zaidi ya wa mfano, pandisha kuta za banda, usikate makuti. Na kamwe usipigilie ubao wa paa jipya kwenye mtambaapanya, mti unaolala juu ya ukuta, wa nyumba ya zamani "kuusaidia tu". Mti ule ulipimwa ubebe makuti.

Maji ya ukingo wa zamani yataendelea kuangukia kwenye ile nafasi ya mita 1.5. Yaache, lakini yapokee: mfereji wa zege, upana wa sentimita 30, chini ya mstari wa matone, ukiteremkia kaskazini nje ya uani. Kwa kutembea kutoka mlango wa ukumbi hadi chumbani utapita chini ya kingo hizo mbili ukiwa mkavu, isipokuwa mvua ile ya upepo.

Mbao za 2 kwa 6 kila sentimita 90, papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) kila sentimita 75, bati geji 28 lenye rangi nyepesi. Geji 30 ni nafuu, ila hewa ya bahari inaimaliza mapema. Tumia skrubu zenye mpira, zipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Chini ya bati weka dari ya mbao au mkeka mgumu, ukiacha nafasi ya hewa inayopita juu yake. Dari iliyobana bati inageuza chumba kuwa tanuri saa nane mchana.

Paa hili lina eneo la karibu mita za mraba 54 likitazamwa kutoka juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inakupa zaidi ya lita 850 hata ukitoa asilimia 20 ya kumwagika. Weka gata upande wa uani, na tanki kwenye kona ya jiko, likikaa juu ya jukwaa lake lenyewe la zege. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe. Yana vumbi na kinyesi cha ndege. Gata usiliweke kwenye paa la makuti kwa ajili ya maji ya kunywa, maana hutoka na rangi ya chai.

Hatua ya nane: maji machafu na umeme

Karo na shimo la kunyonya viende mashariki kabisa, angalau mita 5 kutoka ukuta wowote na mita 30 kutoka kisimani. Usikubali hoja kwamba karibu na nyumba kubwa ndiko kwenye udongo laini wa kuchimba. Udongo huo ni laini kwa sababu tayari una maji, na nguzo za bibi zimesimama humo. Maji ya kuogea na ya vyombo yanaweza kwenda migombani kupitia shimo dogo la kokoto.

Umeme uingie bandani kwanza, swichi kuu iwe huko, na nyumba kubwa ipate laini yake yenye kikata umeme chake. Nyaya zote zinazopita karibu na makuti ziwe ndani ya bomba.

Hatua ya tisa: nyumba ya zamani ipewe haki yake

Fundi akimaliza banda atabakiwa na mifuko mitatu ya saruji na atakushauri "kuimarisha" nyumba kubwa kwa kuipiga plasta. Mshukuru, umpe chai, umkatalie. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa. Plasta ya saruji haiutoi. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kwenye ufa mdogo yananaswa nyuma ya plasta, udongo unalainika, fito zinaoza gizani, na siku plasta ikibanduka inaondoka na nusu ya ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta za matumbawe na chokaa zilizoharibiwa kwa tiba hiyo hiyo, na kule ni mawe.

Ukande udongo wa pale pale, mchanga, na nyasi zilizokatwa fupi. Uache uvunde siku kadhaa. Lowesha ukuta, jaza mashimo kwa tabaka nyembamba, siliba, kisha paka chokaa iliyolowekwa vizuri. Nguzo iliyooza chini ikatwe juu ya sehemu mbovu na kuungwa na mti mgumu, paa likiwa limetegemezwa kwa miti ya muda. Kuzunguka nyumba usimwage jamvi la zege lililogusa ukuta, maana unyevu wa chini ukikosa pa kutokea utapanda ukutani. Weka ukanda wa kokoto upana wa sentimita 60, nje yake ndipo mfereji.

Rangi za banda ziwe tulivu. Lisijifanye la kale; madirisha yake mapana na bati lake yaonekane waziwazi. Kitu kimoja tu kiazimwe kutoka nyumba kubwa. Mimi huchagua baraza: kitako cha zege cha kimo cha sentimita 45 chini ya ukingo wa paa, urefu wote wa banda, kikiangalia uani. Kina mama watakihamia siku ile ile, kabla hata rangi haijakauka.

Ratiba

Kagua masika, chimba msingi Juni ardhi ikishatulia, pandisha kuta Julai na Agosti, na paa liwe limefungwa kabla ya vuli kuanza Oktoba. Ukichelewa, ishia kwenye lenta, funika kuta kwa nailoni, na usubiri Januari. Kuta za bloku zinavumilia mvua. Mbao za paa zilizolowa na kukauka mara tatu zinapinda.

Masika ya kwanza baada ya ujenzi, fika mwenyewe au mtume mtu anayeweza kupiga picha. Akague kama mfereji wa zege unabeba maji yote au unafurika kuelekea nguzoni, kama mapaa mawili bado hayagusani, na kama zile alama za penseli kwenye nyufa zimesogea. Mfereji ukifurika, upanue mwezi huo huo. Ni kazi ya siku moja na mfuko mmoja wa saruji.